Fundi Konde: Gwiji wa gitaa aliyechipukia ujirani wa Rabai

WAPENZI wa zilizopendwa hawahitaji kuelezwa Fundi Konde alikuwa nani. Wimbo wake, Tausi, umepigwa redioni, arusini na kumbini kwa zaidi ya nusu karne, na wapo wanaouimba bila kujua kwamba mwenyewe alizaliwa katika kijiji cha Mwabayanyundo, upande wa Mazeras, mnamo Agosti 24, 1924.

Gwiji huyo wa kabila la Wagiriama aliaga dunia Juni 2000 akiwa na umri wa miaka 75. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa eneo hili kupiga gitaa la umeme, na sauti yake ni mojawapo ya zile zilizoupa muziki wa mijini nchini Kenya sura yake katika miaka ya 1950.

Hata hivyo, makala haya hayaanzi na gitaa. Yanaanza na swali ambalo huzuka kila mara mtoto wa miaka minne au mitano anapolitwaa kayamba la mamaye na kulitikisa sawasawa na watu wazima, bila kukosa pigo hata moja, ilhali ndugu zake waliolelewa naye chini ya paa moja hawajui waanzie wapi. Je, kipawa kile kimetoka wapi?

Miongoni mwa Wamijikenda jibu la zamani halikuwa gumu. Mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na pamoja na jina huja tabia. Ikiwa babu alikuwa mpiga ngoma wa kusifika, haikuwa ajabu mikono yake irudi kwa mjukuu. Wengine walisema ni koma, yaani mizimu ya wazee, waliomchagua mtoto huyo. Waliobatizwa wakasema ni Mwenyezi Mungu. Majibu haya matatu, ukiyatazama kwa makini, yanakubaliana katika jambo moja, kwamba kipawa hutoka nje ya mtoto na kumshukia.

Maisha ya Fundi Konde hayalikanushi jambo hilo, lakini yanalitatiza.

Tuanze na mahali penyewe. Msafiri anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi hufika Mazeras baada ya kuipanda miinuko inayotengana na bahari, na hapo barabara ya Kaloleni humchukua upande wa kulia hadi Rabai. Ni nchi ya minazi, mihogo na mahindi, na juu ya vilima vyake yamesimama makaya, yale maboma ya kale yaliyozungukwa na msitu mtakatifu. Makaya ya Rabai ni miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008.

Katika vilima hivyo hivyo ndipo Mjerumani Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipoanzisha kituo chao cha dini mwaka wa 1846. Rebmann alikaa huko hadi mwaka wa 1875. Baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao, na mnamo Januari 1, 1889 zaidi ya watu 1,400 walikabidhiwa vyeti vya uhuru, baada ya waliokuwa wakiwamiliki kulipwa fidia. Wengi wa watu waliopata hifadhi katika vituo vya aina hiyo asili yao ilikuwa mbali, hata nchi za Wayao na Wanyasa, na hapana mtu aendaye ugenini akaziacha nyimbo zake nyuma.

Basi mtoto aliyezaliwa katika ukanda huo katika miaka ya 1920 alizaliwa katikati ya sauti nyingi. Upande mmoja palikuwa na kengele na nyimbo za kanisa zilizogawanywa sauti nne. Upande wa pili palikuwa na mwanzele na gonda, na kifudu kilicholia msibani. Kwa majirani Waduruma na Wadigo palivuma sengenya. Bung'o, ile zumari ya Wamijikenda, ilipasua usiku ikasikika kijiji cha pili. Na chini kidogo, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilipita Mazeras ikibeba abiria, barua na, baada ya muda, santuri.

Watu hupenda kudhani kwamba mtoto mchanga hasikii chochote katika kelele hizo. Ukweli ni kinyume. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa, na azaliwapo huitambua sauti ya mamaye. Katika ngoma za Pwani mama hacheki na mdundo. Humfunga mwana mgongoni kwa leso na kuingia uwanjani, na kila bega lake linapotikisika mtoto hutikisika pamoja nalo. Huyo hajafundishwa hesabu ya mapigo. Ameyapata kwa mwili mzima kabla ya kujua kusema.

Mwaka wa 2005 watafiti wawili, Erin Hannon na Sandra Trehub, walichapisha jambo ambalo nyanya yeyote wa Kimijikenda angalilisikiliza kwa makini. Waliwapima watoto wachanga wa Amerika Kaskazini kwa kuwasikilizisha muziki wa nchi za Balkan, ambao mapigo yake hayaendi sawasawa kama ya nyimbo za Kizungu zilizozoeleka kwao. Wenye umri wa miezi sita walitambua mara moja mdundo ulipovurugwa. Wa miezi kumi na miwili hawakutambua tena, isipokuwa wawe wamesikilizishwa muziki huo kwa muda fulani nyumbani. Watu wazima walishindwa hata baada ya kusikilizishwa kwa muda kama huo.

Maana yake ni kwamba sikio la mtoto huzaliwa likiwa wazi kwa midundo ya kila aina, kisha huanza kufunga milango ambayo haina mgeni. Mtoto wa miinuko ya Rabai, anayesikia ngoma moja ikihesabu mbili na nyingine ikihesabu tatu kwa wakati mmoja, milango hiyo hubaki wazi. Yule aliyesikia pia wimbo wa kanisani wenye sauti nne huwa na mlango mwingine ambao jirani yake wa bara huenda hakuupata. Hilo si dogo, na mimi naamini ndilo lililo karibu zaidi na siri ya muziki wa Fundi Konde.

Lakini hapo msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: watoto wote wa Mazeras na Rabai walibebwa migongoni. Mbona wote hawakuwa Fundi Konde?

Swali hili limewagawa wataalamu kwa muda mrefu. Wengine hushikilia kwamba mazoezi ndiyo kila kitu. Mwaka wa 1996 John Sloboda na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa vijana 257 waliojifunza ala za muziki, kuanzia waliokuwa katika shule maalumu ya muziki hadi waliokata tamaa wakaacha. Waliona kwamba saa alizohitaji mtoto kutoka daraja moja la mtihani hadi jingine hazikutofautiana sana. Hodari hakupita njia ya mkato. Alitembea njia ile ile, ila alitembea kila siku, na mara nyingi nyumbani palikuwa na mtu mzima aliyemwangalia akitembea.

Upande wa pili wako waliochunguza mapacha. Mwaka wa 2014 Miriam Mosing na wenzake walitoa matokeo kutoka Uswidi yaliyohusu mapacha zaidi ya 10,000. Waligundua kwamba hata ile hamu ya kufanya mazoezi kwa kiasi fulani hurithiwa. Zaidi ya hayo, pacha wa kufanana aliyefanya mazoezi mengi hakumshinda mwenzake aliyefanya machache katika kutambua tofauti za sauti, midundo na tuni. Kwa hivyo wazee waliosema kwamba mikono ya babu hurudi hawakuwa wakisema upuuzi.

Mimi nadhani kila upande umeshika mguu mmoja wa tembo. Sikio zuri huenda likarithiwa, na subira ya kurudia jambo lile lile mara mia huenda ikarithiwa pia, lakini hakuna anayezaliwa akiwa na klarineti mkononi. Lazima mtu ailete.

Kwa Fundi Konde, aliyeileta alikuwa mwalimu wa shule ya wamishenari. Huko ndiko kijana huyo alikojifunza kuusoma muziki ulioandikwa na kupiga ala za kupuliza, filimbi na klarineti. Gitaa, ambalo ndilo lililompa jina, lilikuja baadaye.

Ni vyema tukalipa jambo hili uzito wake. Katika Kenya ya ukoloni, shule nyingi za Waafrika zilifundisha kuimba kwa do, re, mi ili nyimbo za ibada ziende sawa. Kumtia mtoto wa Kiafrika ala mkononi na kumfundisha kuzisoma alama zake lilikuwa jambo la wachache. Klarineti ilimfundisha kuvuta pumzi na kuusuka mstari mmoja wa sauti, ukapanda na kushuka ukipishana na sauti ya mwimbaji. Maandishi yalimfundisha kuona kwa macho sauti mbili au tatu zikiandamana.

Hakuna visa vya miujiza vinavyosimuliwa kuhusu utoto wake. Hatusikii kwamba alitunga akiwa na miaka mitano kama Wolfgang Amadeus Mozart wa Austria. Lakini hata Mozart, ukimtazama vizuri, hakushukiwa na radi. Babake, Leopold, alikuwa mwanamuziki wa kulipwa na mwalimu wa fidla, na mwaka huo huo wa 1756 mwanawe alipozaliwa ndipo alipochapisha kitabu chake cha kufundishia ala hiyo. Mtoto huyo aliamkia muziki na kulalia muziki, na mwalimu wake alikuwa amekaa naye mezani.

Pwani yetu ina mifano ya waliokosa mwalimu wa mapema. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka wa 1880, alitembeza vyungu akiimba ili wanunuzi wamsikie. Sauti ilikuwapo, na kila aliyenunua chungu aliisikia. Hata hivyo ilibidi ahamie mjini akiwa mtu mzima, mnamo mwaka wa 1911, ndipo apate wa kumfunza ala na uimbaji wa taarabu, na ulikuwa mwaka wa 1928 aliposafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ni wangapi waliotembeza vyungu wakiimba wasipate mtu wa namna hiyo?

Fundi Konde hakuchelewa kiasi hicho. Lakini shule yake ya pili haikuwa ya amani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa katika jeshi la KAR. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Asia, na mwaka wa 1944 ikawa inapambana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma, katikati ya mvua za masika, matope na malaria. Jeshi lilijua kwamba askari aliye mbali na kwao anahitaji kitu zaidi ya risasi na chakula, likaunda kikosi cha burudani cha wapiga muziki na wachekeshaji. Fundi Konde alikuwa katika kikosi hicho, na kwa njia hiyo akalifikia bara la Asia.

Kwa mtoto wa Mwabayanyundo, safari hiyo ilikuwa kama kufunguliwa maktaba. Kambini walikutana Wakamba, Wanyasa, Waganda, Wajaluo na watu wa Tanganyika, kila mmoja na nyimbo zake. Kulikuwa na bendi za Waingereza na muziki wa kucheza wa Marekani. Kulikuwa pia na rumba ya Cuba, ambayo tangu mwaka wa 1933 ilisambazwa barani Afrika kwa zile santuri maarufu za alama ya GV. Anayejua kusoma muziki na mwenye sikio lililofunguliwa mapema hukusanya mambo hayo kama nyuki.

Vita viliisha mwaka wa 1945. Wengi wa askari walirudi nyumbani na ahadi ambazo hazikutimizwa. Wale wa kikosi cha burudani walirudi na kitu ambacho serikali haikuweza kuwanyang'anya: walikuwa wamezoea kupiga muziki wa jukwaani kwa pamoja, wakiwa na ala za kisasa, mbele ya hadhira isiyokuwa ya kabila moja. Hao ndio waliozisaidia bendi za mijini kuzaliwa.

Mwaka wa 1947 Fundi Konde akaanza kurekodi. Nyimbo zake zilitoka katika santuri za HMV zenye lebo ya buluu. Santuri za wakati huo zilikuwa za duara, nzito, nyeusi, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, basi. Mtunzi hakuwa na nafasi ya kuzunguka mbuyu. Ilimlazimu kuanza, kusema lake, kulipa gitaa nafasi lijisifu kidogo, na kumaliza.

Hakuwa peke yake katika Pwani. Paul Mwachupa na Lukas Tututu walikuwa wakipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili wakati huo huo, na ukiwasikiliza wote watatu unatambua kwamba Pwani ilikuwa na lafudhi yake ya gitaa kabla ya ile ya Congo kulifunika eneo zima. Lugha yao ilikuwa ya upole, na maneno yalitamkwa wazi hata mwanafunzi wa Kiswahili angeweza kuyaandika.

Ila Fundi Konde alikuwa na kitu cha ziada. Sikiliza Tausi, Mama Sowera, Kipenzi Waniua-ua au Majengo Siendi Tena. Waimbaji ni wawili, sauti zao zimekaribiana kama vidole vya mkono mmoja, na hapo lile kanisa la utotoni halijifichi. Gitaa halipigi kodi mbili au tatu za kurudiarudia; hupita katika kodi ambazo mpigaji wa kujifunzia kibarazani asingezifikia kwa urahisi. Linapochukua nafasi yake peke yake huimba kwa pumzi, likinyamaza mahali ambapo mpulizaji wa klarineti angevuta hewa. Halafu chini ya hayo yote kuna mwendo wa rumba usiokwenda mbio, unaomwacha mchezaji acheze bila kutoa jasho.

Haya ni maoni ya sikio langu, na mwenye sikio lake na aseme lake. Lakini sioni namna ya kuyaeleza bila kurudi Mazeras.

Miaka ya 1950 ilimkuta Nairobi. Ulikuwa mji wa wasiwasi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Waafrika walitembea na vipande, mitaa ilizingirwa, na watu wa Mlima Kenya walikusanywa na kupelekwa kambini. Katika mazingira hayo biashara ya santuri na matangazo iliendelea kukua, na mmoja wa waliokuwa usukani alikuwa Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa mwandaaji wa burudani na mfanyabiashara wa muziki. Fundi Konde alifanya kazi naye, na ndiyo miaka ambayo gitaa la umeme lilisikika mikononi mwake.

Leo gitaa la umeme ni jambo la kawaida kiasi kwamba hatuoni ajabu yake. Wakati huo lilikuwa ala ya bei ghali, lililohitaji kipaza sauti na nguvu za umeme ambazo nyumba nyingi za Waafrika hazikuwa nazo. Pia lilidai mkono tofauti. Gitaa la mbao husamehe kelele za kidole; la umeme hulikuza kosa lile lile likasikika hadi mlangoni. Aliyefunzwa kuzipenda sauti safi hakupata shida kubwa kulizoea.

Wengi wa waliompenda hawakupata kumwona. Walimjua kupitia santuri na redio, jina na sauti tu. Jina lenyewe liliwatosha, kwani nani hajui fundi ni nani?

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, mambo yalibadilika haraka. Bendi kutoka Congo zilimiminika Nairobi, vijana wakaingia katika twist, na benga ya kutoka Nyanza ikaanza kunguruma. Rumba ya upole ya Pwani ikaonekana ya wazee. Fundi Konde, aliyekuwa hajafikisha miaka 40, akajitoa katika jukwaa, na kwa miaka mingi jina lake likabaki kwenye maktaba za redio na vinywani mwa waliokuwa vijana wakati wa ukoloni.

Ni adhabu ya ajabu kwa mtu mwenye kipawa, kusahauliwa ilhali nyimbo zake zinaimbwa. Ilibidi watu wa mbali waamke kwanza. Mwaka wa 1994 kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo zake za kati ya mwaka wa 1947 na 1956. Nyumbani, bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzishwa Mombasa mwaka wa 1972 na ndugu wa jamii ya Harrison, ilimwendea mzee huyo na kuzirekodi upya nyimbo zake pamoja naye. Vijana waliozijua kwa kuzisikia kwa baba zao wakagundua kwamba mwenyewe yu hai, na kwamba vidole vingali vinakumbuka.

Miaka michache baadaye, Juni 2000, akafariki.

Yafaa kutaja jambo jingine lililotukia karibu na wakati huo, ingawa halikutangazwa kama msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani wa KCPE yalipunguzwa, na muziki ukaacha kutahiniwa katika shule za msingi. Kisicho na mtihani hakina mwalimu, na kisicho na mwalimu hakina kipindi. Katika shule nyingi za mashambani kipindi cha muziki kiliandikwa kwenye ratiba na kutumiwa kwa hesabu. Watoto wa wenye uwezo mijini walitafutiwa walimu wa piano wa kulipwa. Wa Rabai, Kambe na Mwabayanyundo walibaki na tamasha la muziki la shule, lile lililoanza mwaka wa 1927, ambalo huwahitaji wiki chache kwa mwaka na huwachagua waimbao kwa pamoja kuliko yule mmoja mwenye sikio la ajabu.

Ikumbukwe kwamba ngoma hazikutoweka. Bado kayamba hutikiswa matangani na arusini, na bado watoto hubebwa migongoni. Sehemu ya kwanza ya elimu ya Fundi Konde, ile isiyolipiwa karo, ingalipo. Iliyokatika ni ya pili: yule mwalimu aliyemtambua mtoto mmoja kati ya wengi, akamkabidhi ala, akamwonyesha alama kwenye karatasi na kumwambia arudi kesho.

Kipawa cha muziki hujitambulisha mapema kuliko vingi vingine, lakini hujitambulisha kwa ishara ndogo. Ni mtoto anayekasirika mwenzake akikosea wimbo, anayekirudia kipande kile kile cha tuni hadi nyumba nzima ichoke, au anayenyamaza ghafla gari la matangazo likipita. Katika nyumba yenye watoto saba na kazi ya shamba, ishara hizo huonekana kama ukaidi. Wazazi wengi wa Pwani, kwa nia njema, wamewachapa watoto kwa kugonga debe bila kukoma.

Mtaala mpya, uliochukua mahali pa mfumo wa 8-4-4 katika shule za msingi na kuuzika mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, umeurudisha muziki darasani ndani ya sanaa bunifu. Wazazi waliusikia mara ya kwanza kupitia orodha ya mahitaji, palipoandikwa kwamba kila mwanafunzi aje na rekoda, ile filimbi ndogo ya plastiki yenye matundu. Wengi walinung'unika kwa sababu ya gharama, na wengine kwa sababu ya kelele.

Filimbi ni ala ya kupuliza, nayo ni mojawapo ya ala alizoanzia Fundi Konde. Katika shule za Rabai sasa zimo nyingi, za rangi ya maziwa, ndani ya mikoba pamoja na vitabu vya hesabu. Walimu wanaoweza kusoma kile kinachopaswa kupigwa ndani yake bado ni wa kuhesabu.